Nuru na Mawimbi Yake: Yatupasa Kuogopa Nini?

Siku moja ya mwezi wa Juni walitujia wazee wa usharika huku pande za Mbagala, wilaya ya Temeke, nao walikuwa na shauri zito. Jirani yao amekodisha sehemu ya kiwanja chake, na hapo umesimamishwa mnara wa simu. Tangu siku ile watu hawalali vema. Mmoja aumwa kichwa, mwingine asema kuku wake wamepunguza kutaga, na wote wasadiki kwamba mnara ule watoa mionzi iletayo saratani. Wakataka tuwaandikie barua ya kuomba uondolewe. Tukaketi chini ya mwembe tukazungumza saa nzima, maana upepo wa kusi ulikuwa ukivuma vizuri wala hapakuwa na joto.

Pamoja nao alikuwapo mama mmoja na mtoto wake wa kiume, apata miaka saba, mwenye ualbino. Sisi tulikuwa kivulini. Mtoto alikuwa uani akicheza na wenzake, kichwa wazi, amevaa shati la mikono mifupi. Ilikuwa yapata saa sita mchana. Walipotaka kuaga, mtoto akaja kutupa mkono, ndipo tulipoona ya kuwa shingo na masikio yake yamekuwa mekundu kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mdomo wake wa chini umepasuka. Saa nzima tulikuwa tumejadili mionzi ya mnara, na mionzi ya jua ilikuwa ikimchoma mtoto hatua kumi mbele ya macho yetu. Hapana hata mmoja wetu aliyemwita aje kivulini. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika habari za nuru, jinsi ilivyo na jinsi inavyofanya kazi katika viumbe vyenye uhai, ili kila mtu ajue lipi la kuogopa na lipi la kuacha.

Mtu asimamaye pwani ya Kunduchi huona mawimbi yakija, na kati ya mgongo wa wimbi moja na mgongo wa lile lifuatalo pana nafasi. Nuru nayo ni mawimbi, lakini si ya maji wala ya hewa. Ni mawimbi ya nguvu za umeme na sumaku ziendazo pamoja, nayo hupita hata mahali pasipo na kitu chochote. Mwendo wake ni kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Nuru iliyotoka katika jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo. Mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alilionyesha jambo hili kwa hesabu katika miaka ya 1860, naye Mjerumani Heinrich Hertz akayatengeneza mawimbi ya namna hiyo kwa mikono yake kabla ya mwaka 1890, akayapokea upande wa pili wa chumba. Hayo yalikuwa mawimbi ya redio.

Kinachotofautisha mawimbi haya ni urefu tu, yaani ile nafasi kati ya mgongo na mgongo. Marefu ni ya redio, ambayo hufikia hata mamia ya meta. Yale ya simu za mkononi ni kama urefu wa mkono au shibiri moja. Kisha huja mawimbi ya joto yaitwayo infraredi, halafu nuru tuionayo kwa macho, tangu nyekundu hata urujuani. Baada ya urujuani huja mionzi isiyoonekana iitwayo urujuanimno, na mwisho eksirei na gama, ambazo mawimbi yake ni mafupi kupita kiasi.

Watu walijuaje kwamba iko nuru isiyoonekana? Habari yake yapendeza. Mwaka 1800 William Herschel huko Uingereza aliipitisha nuru ya jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, ikagawanyika rangi rangi kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Kisha akakiweka kando ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, na hapo ndipo joto lilipozidi. Mwaka uliofuata Johann Ritter wa Ujerumani akafanya kama hayo upande wa pili, kando ya urujuani. Yeye alitumia chumvi ya fedha, ambayo hugeuka kuwa nyeusi ipatapo nuru, akaona yageuka upesi zaidi mahali pasipoonekana rangi yoyote. Hivyo ikajulikana kwamba jua latuma wageni wawili tusiowaona, mmoja wa kupasha joto na mmoja wa kuunguza. Msomaji na aushike sana utengano huo, maana tutaurudia.

Viumbe vyote vyaishi kwa nuru. Jani la muhogo hula nuru nyekundu na ya samawati, nayo ya kijani hulirudisha, ndiyo sababu twaliona la kijani. Wavuvi wetu wa dagaa huenda usiku wa giza na taa, kwa kuwa samaki huifuata nuru hata ndani ya wavu. Watoto wa kasa wakitoka katika mchanga wa fukwe za Kigamboni usiku, hutafuta upande ulio na mwanga zaidi, ambao tangu kale ni upande wa bahari. Lakini nyumba ya mwanadamu ikiwa na taa kali nyuma yao, huelekea huko wakafa njiani. Hata sisi tumepangiwa saa kwa nuru: mwanga wa asubuhi huuambia ubongo kwamba kumekucha, na mtu akodoleaye macho kioo cha simu hata saa sita ya usiku huudanganya. Pengine wale wazee wasiolala kwa ajili ya mnara wangelala kama simu zao zingezimwa mapema. Tuliwaambia hivyo, wakacheka.

Na sasa tufike kwenye kiini cha somo. Nguvu ya nuru haimiminiki kama maji. Huja punje punje, kama mtama. Wimbi likiwa refu, punje yake ni nyepesi. Likiwa fupi, punje ni nzito. Ukikitupia kigae magunia kumi ya sufi, hakivunjiki; lakini jiwe moja lakitosha. Ndivyo ilivyo katika mwili. Punje za redio ni kama sufi. Zikiwa nyingi sana mahali pamoja zaweza kupasha joto, kama zifanyavyo katika jiko la maikrowevu, lakini haziwezi kuvunja viungo vya chembe zetu. Punje moja ya urujuanimno ina nguvu mara mamia ya maelfu kuliko punje moja ya simu, nayo huvunja. Huingia katika seli ya ngozi, hufika katika kiini chake, huharibu maandiko ya urithi yaliyomo. Mwili hutengeneza mengi ya yaliyoharibika. Yasiyotengenezwa hukaa, na baada ya miaka huweza kuwa mwanzo wa saratani.

Basi mnara je? Tusiwadharau waulizao, kwa kuwa swali lao ni la haki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya simu mwaka 2011 katika kundi la vitu “viwezavyo pengine” kuleta saratani, maana yake ushahidi ulikuwa hafifu wala haukutosha kuhukumu. Mwaka 2024 yakatolewa mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya chunguzi nyingi za miaka mingi. Hayakuona kwamba simu zaongeza saratani ya ubongo. Lakini mionzi ya jua shirika lile lile liliiweka mwaka 1992 katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika bila shaka. Tena nguvu za mawimbi hupungua upesi kwa kadiri uendavyo mbali: ukiwa mbali mara mbili, hubaki robo. Kwa hiyo simu iliyobanwa sikioni humpa mtu mawimbi mengi kuliko mnara ulio mtaa wa pili. Na huu si ugeni kabisa. Mawimbi ya redio yamepita juu ya mapaa ya Dar es Salaam tangu utangazaji ulipoanza hapa mwaka 1951.

Kuhusu kuumwa kichwa, wataalamu wa nchi nyingine waliwaweka watu vyumbani, wakawasha na kuzima mitambo pasipo kuwaambia. Watu waliumwa kweli, lakini waliumwa sawasawa mtambo ukiwa umewashwa au umezimwa. Hofu nayo huumiza kichwa. Mwenye mashaka na aende kuuliza Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kupima mionzi ni kazi yake. Na kama jenereta ya mnara yanguruma usiku kucha na kutoa moshi dirishani pa mtu, hilo ni lalamiko la haki kabisa. Lakini ni lalamiko la kelele na moshi, wala si la mionzi.

Twarudi kwa mtoto. Ngozi ya mwanadamu ina rangi iitwayo melanini. Si pambo tu. Ndani ya seli, melanini hujipanga juu ya kiini kama kofia juu ya kichwa, ikaipokea mionzi ya urujuanimno kabla haijafika ndani. Sisi wengine tumezaliwa na kofia hiyo. Mwenye ualbino hana, ama anayo kidogo sana, kwa sababu mwili wake haukupewa maagizo kamili ya kuitengeneza. Maagizo hayo huja mawili, moja la baba na moja la mama. Mtu akipata moja zima na moja lenye kasoro, ngozi yake ni nyeusi kama ya wengine wala hajui kitu. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kumzaa mtoto mwenye ualbino. Basi baba amwachaye mke wake akisema mtoto si wake, ajue kwamba mtoto huyu asingekuwa na ualbino kama baba naye asingempa sehemu yake. Walimu wa injili na walisome jambo hili mara mbili, maana wao ndio waitwao kwanza nyumba ikigombana.

Hapa kwetu Tanzania ualbino si jambo la nadra. Hesabu itajwayo mara nyingi ni mtu mmoja katika watu 1,400 hivi, na huko Ulaya ni mmoja katika 17,000 au zaidi. Mwaka 1985 waganga wa Dar es Salaam walichapa habari za watu 350 wenye ualbino waliowachunguza katika mji huu. Waliona alama za kuunguzwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani nzito zikawapata wakiwa bado vijana. Twajua pia mabaya yaliyotendwa, hasa mikoa ya Ziwa, tangu yapata mwaka 2006, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Kwa matendo hayo nchi ilishtuka, na ilikuwa haki kushtuka. Lakini jua limeua wengi zaidi, kimya kimya, wala hapana gazeti lililoandika majina yao. Watu wakasema tu, “Hawa hawafi, hutoweka.” Hawatoweki. Huzikwa mapema.

Na jambo linalowadanganya wengi, na sisi tukiwamo, ni joto. Kumbukeni wageni wale wawili. Joto tulisikialo ni infraredi. Kiunguzacho ni urujuanimno, nacho hakisikiki. Mwezi wa Juni kusi lavuma, hewa ni baridi kidogo, mtu adhani jua limepoa. Lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na mionzi ya adhuhuri ni mikali mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba jua hupita juu ya utosi wetu kabisa. Wingu jepesi huzuia joto na kuiacha mionzi mingi ipite. Mchanga mweupe wa pwani huirudisha juu, hata mtu aliye chini ya mwavuli huipata. Maji safi hayaizuii. Mtoto aogeleaye anaungua huku akisikia baridi. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kali zaidi, lakini si yote.

Kipimo kilicho rahisi ni kivuli. Mtu na asimame juani atazame kivuli chake. Kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, kama asubuhi mapema na jioni, mionzi imepungua. Kikiwa kifupi kuliko yeye, mionzi ni mikali, na mtoto mwenye ualbino asikae nje. Mtoto wa miaka saba aweza kujifunza jambo hili kwa siku moja.

Nguo ndiyo kinga iliyo bora, tena haiishi kama dawa. Yafaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu au gauni refu, na kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, kama kaki. Kiinue kuelekea jua. Ukiona nuru yapenya, mionzi nayo yapenya. Kanga moja iliyochakaa haitoshi, na nguo ya pamba iliyolowa hupitisha zaidi kuliko iliyokauka. Rangi nzito huzuia kuliko nyeupe. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Ile ya kapelo hufunika paji la uso ikayaacha masikio na shingo, nazo ndizo sehemu saratani zipendazo kuanzia. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mtoto wa namna hii alivuliwa kofia mstarini kwa kuwa haikuwa ya sare, akasimama juani na wengine hata hotuba ikaisha. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, hakuwa amefundishwa. Mzazi na aende shuleni mwanzoni mwa mwaka, kabla mambo hayajatokea.

Mafuta ya kujikinga na jua hufuata baada ya nguo. Hupakwa mahali nguo isipofika: uso, masikio, shingo, migongo ya mikono, na midomo. Hupakwa tena kila baada ya saa mbili, kwa kuwa jasho huyaondoa. Twafurahi kusema kwamba mafuta hayo hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC huko Moshi, ambayo kanisa letu lina mkono ndani yake tangu ilipofunguliwa mwaka 1971. Huko kipo chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na wenye ualbino wenyewe wamekuwa miongoni mwa watengenezaji. Mafuta hayo huitwa Kilisun, nayo hugawiwa katika kliniki za wenye ualbino. Si ya kununuliwa dukani kama sabuni. Wazazi na waulize hospitalini, au katika Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1978.

Mtu na achunguze ngozi kila mwezi, mbele ya kioo au kwa macho ya ndugu. Magamba makavu yasiyotoka juu ya sikio au mdomo, uvimbe mdogo uotao, kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja: hayo si ya kupakwa majani. Yakiwahiwa, daktari huyagandisha kwa dawa ya baridi kali ama huyakata kwa dakika chache. Yakiachwa hula hata mfupa. Hapa Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika majengo ambayo Wajerumani waliyafungua kama hospitali mwaka 1897, nayo imekuwa taasisi kamili tangu 1996. Humo saratani hutibiwa kwa mionzi, nayo ni mifupi na mizito kuliko hata ile ya jua. Lakini huelekezwa mahali pamoja, kwa kipimo, na mkono unaojua. Ajabu ni kwamba mionzi iliyo ndugu ya ile iliyouleta ugonjwa ndiyo iuuayo.

Na tusije tukalifanya jua kuwa adui wa wote. Ngozi ipatapo urujuanimno kidogo hutengeneza vitamini D, ambayo bila yake mifupa ya watoto hulegea wakapata matege. Waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe, habari zilizochapwa mwaka 2012, walikuta vitamini hiyo tele. Mwenye ualbino naye huipata kwa dakika chache za asubuhi, na katika dagaa. Watoto wachanga wenye manjano hulazwa hospitalini chini ya taa za samawati, na nuru hiyo huigeuza sumu iliyo katika damu ili mwili uitoe. Lakini mama aliyejifungua asiseme, “Nitamwanika mtoto juani, yatosha.” Manjano yakizidi hudhuru ubongo, na ampeleke apimwe damu.

Macho nayo twayataja upesi. Mwenye ualbino haoni mbali vizuri, na macho yake huchezacheza, kwa kuwa rangi ile ile ilihitajiwa katika kuumbika kwa jicho. Akili yake ni kama ya watoto wengine. Katika darasa la kipaimara akae mbele, mgongo wake ukielekea dirisha, apewe maandishi makubwa, wala asikatazwe kusogea hata ubaoni. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, wilaya ya Kinondoni, hupima macho na kutoa miwani.

Barua ya mnara hatukuiandika. Wazee hawakupendezwa, na mmoja wao bado husimama mbali akiutazama. Lakini wale wale ndio waliomsukia mtoto kofia ya ukindu, ukingo wake shibiri nzima, nasi tumekubaliana aivae hata ndani ya kanisa, maana kiti chake cha mbele kiko mashariki, na jua la saa tatu huingia hapo moja kwa moja.